Bahasha ya Nyuma

Ugomvi wa mara moja au mara mbili ulianza saa nne asubuhi, kama kawaida, juu ya maandazi ya mdalasini.

Katika kliniki ya meno ya Lövhamn, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Uswidi, watu hugombana kwa adabu. Hakuna anayepaza sauti. Vikombe tu ndivyo hutuliwa mezani kwa kishindo kidogo kuliko inavyohitajika, na yeyote aliyekaa hapo muda mrefu anajua maana yake. Gunvor Hedlund, nesi wa kliniki ile, alikuwa amekaa hapo miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kustaafu kulikuwa mlangoni.

"Vijidudu vinahitaji muda wa kufa," alisema Daktari Torbjörn Wikmark, mrefu, mwembamba, mwenye subira ya kumkera malaika.

"Vijidudu unaviua au huviui," alijibu Daktari Malin Sjödin, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano na hakuliona hilo kuwa sababu ya kunyamaza. "Wewe unaviandikia barua ya kuvitoa kwenye nyumba, halafu unavipa wiki mbili vihame."

"Nawe unavifungia ndani na kutupa ufunguo."

"Vifie humo!"

"Na visipokufa?"

"Vitakuja kwako, mzee, uvipe wiki mbili."

Gunvor alisukuma sahani katikati yao. "Kuleni, jamani. Yanapoa."

Walikuwa wakibishana juu ya jino lililokufa ndani na kuingia maambukizo mpaka kwenye mzizi. Torbjörn, tangu aanze kazi, alilisafisha siku ya kwanza, akajaza mzizi dawa nyeupe ya chokaa, akaliziba kwa muda na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki mbili; siku hiyo ya pili ndipo alipoondoa dawa na kuujaza mzizi kwa kudumu. Malin alisafisha na kujaza saa hiyo hiyo, mgonjwa akaenda zake. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa waliopona wa kuwataja, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wa mwenzake ambaye hakupona.

Ili wasije wakachomana uma, miaka minne nyuma walikubaliana kufanya utafiti. Wagonjwa mia moja na sitini, nusu mara moja, nusu mara mbili, na wa kuamua asiwe daktari wala mgonjwa. Mtaalamu wa takwimu wa chuo cha mbali aliwaletea bahasha zilizofungwa, ndani ya kila moja karatasi yenye tarakimu tu, ya moja au ya mbili. Kanuni ilikuwa kwamba bahasha haiguswi mpaka mzizi uwe umeshasafishwa, na inayochukuliwa ni ile ya mbele kwenye boksi, siku zote ile ya mbele. Boksi lilikaa kabatini. Ufunguo wa kabati alipewa Gunvor, kwa sababu madaktari wale hawakuaminiana hata kidogo, lakini wote wawili walimwamini yeye.

Bahasha za kwanza zilikuwa nzito, za rangi ya kahawia. Ishirini za mwisho zilikuja nyeupe na nyepesi, nadhani kule chuoni za kahawia ziliwaishia. Gunvor aliliona hilo siku ileile ya kuzipokea. Ukiinua moja dirishani, tarakimu inakuchungulia. Angepaswa kusema. Badala yake alikata kipande cha kadibodi, akakiweka mbele ya boksi, akajiambia kwamba mtu mwaminifu hahitaji zaidi ya hapo. Na kweli, bahasha kumi na nane ziliondoka bila yeye kuzitazama.

Mwezi wa tisa zilikuwa zimebaki mbili, na ndipo alipokutana na Sixten Nordlöv dukani, mbele ya viazi.

Sixten alikuwa mpakiaji wa heringi wa kuchacha, wale samaki wanaolowekwa kwenye mapipa ya chumvi tangu majira ya kuchipua, wakatiwa kwenye makopo yanayovimba, na kufunguliwa mwezi wa nane nje ya nyumba, maana ndani hakuna atakayekaa. Watu wa Lövhamn huwala kwa mkate mwembamba, viazi na vitunguu, na huwasikitikia wageni wanaokimbia. Sixten alikuwa na miaka hamsini na sita na amefanya kazi hiyo tangu ujana. Siku ile dukani alimsalimia Gunvor akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Una nini?" Gunvor akauliza.

"Samaki hawa wa mwaka huu, sijui wana nini. Hawatoki mdomoni. Nimepiga mswaki mpaka fizi zinalia."

"Msimu umekwisha wiki tatu zilizopita, Sixten. Bado unawala?"

"Hata. Ndiyo nashangaa. Dada yangu Barbro ananiwekea kiti karibu na mlango."

"Hebu toa huo mkono."

Aliutoa. Gunvor alisogea, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole palepale mbele ya viazi, na hakuhitaji taa. Juu ya jino la mbele palikuwa na kijipu kidogo kinachovuja usaha. Pengine huko kote pwani ni mtu wa Lövhamn peke yake anayeweza kutembea mwezi mzima na jino limeoza mzizi akidhani ni chakula cha jana.

"Hao si samaki," alisema. "Hilo ni jino. Limekufa, na linataka kutibiwa."

Sixten alipauka uso. Alikuwa jitu la mabega, mtu wa kubeba pipa bila kuita mwenzake, lakini alirudi nyuma hatua mbili mpaka akagonga rafu.

"Basi liache linuke. Mimi naishi peke yangu."

"Utalipoteza."

"Ninayo mengine." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mara ya mwisho kukaa kile kiti nilikuwa na miaka kumi na moja, Gunvor."

Gunvor alijua. Alijua kuliko alivyopenda kujua.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, katika chumba cha daktari wa meno wa shule, mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu na ambaye aliamini kwamba ganzi ni ya wakubwa. Watoto walichimbwa meno kavukavu hivihivi. Gunvor alikuwa na miaka kumi na minane, kazi yake ya kwanza, na kazi yenyewe ilikuwa kushika vichwa. Alisimama nyuma ya kiti akabana masikio ya mtoto kwa viganja viwili ili kichwa kisitikisike. Vichwa vingi alivisahau. Cha Sixten hakukisahau, kwa ajili ya kishungi cha nywele utosini kilichokataa kulala, na kwa kuwa mtoto yule hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu, yakapita katikati ya vidole vyake Gunvor, na yeye akaendelea kubana.

Hakuwahi kumwambia mtu. Yeye na Sixten walisalimiana barabarani miaka arobaini na mitano, na kama yule bwana alikumbuka, hakuonyesha.

"Njoo Alhamisi," alisema sasa, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Siku hizi huhisi kitu. Unakuja mara moja, tunamaliza, basi. Hurudi tena."

"Unaahidi?"

"Naahidi. Mara moja tu."

"Na hakuna atakayenishika?"

"Hakuna atakayekushika."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angemwingiza kwa Malin kama mgonjwa wa dharura, kimyakimya, nje ya utafiti, na Malin angemaliza kwa mara moja kama alivyopenda. Gunvor alirudi nyumbani akiimba.

Alhamisi asubuhi mtoto wa Malin aliamka na homa, Malin akabaki nyumbani naye.

Torbjörn, aliyebakiwa na bahasha mbili na hamu ya miaka minne, alimpokea Sixten mlangoni kwa bashasha ya mwindaji. Akapiga eksirei, akaona kivuli kwenye ncha ya mzizi, akashindwa kuficha furaha.

"Jino zuri sana," alisema. "Yaani, bovu, lakini zuri. Unaonaje ukiingia kwenye utafiti wetu?"

"Si lazima, Sixten," Gunvor aliingilia. "Unaweza kukataa, hakuna atakayekulaumu."

"Kha! Gunvor, unanifukuzia mgonjwa wangu wa mia na hamsini na tisa?"

Sixten aliomba karatasi ya ridhaa. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne, hata ile ya nyuma ambayo hakuna aliyewahi kuisoma.

"Hapa imeandikwa mara moja au mara mbili kwa bahati nasibu. Nani anaamua?"

"Bahasha."

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi."

Sixten alimtazama Gunvor kwa muda, kisha akasaini. Torbjörn alimpa kikaratasi cha miadi, kama walivyopewa wote: Alhamisi ya wiki mbili mbele, saa nne, endapo bahasha itasema mbili.

Saa iliyofuata ilikwenda vizuri kuliko Gunvor alivyothubutu kutarajia. Ganzi iliingia. Kipande cha mpira kilitandazwa mdomoni mwa Sixten, jino moja tu likachomoza nje. Torbjörn alifanya kazi huku akivumisha pua kwa wimbo usio na mwisho, na kila alipotaka kuingiza sindano mpya ya kusafishia mzizi alisema kwanza anachotaka kufanya. Sixten alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe, macho yamekodolea dari. Gunvor aliiweka mikono yake mahali ambapo mgonjwa angeiona, mbali na kichwa. Kila alipopitisha kifaa alikipitisha kutoka mbele.

"Haya," Torbjörn alisema mwishowe. "Mzizi msafi kama kikombe cha shangazi yangu. Gunvor, bahasha."

Kabati lilikuwa kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha la kusini, na mwezi wa tisa jua la huko huja chini chini, likaingia chumbani kwa ubavu. Gunvor alifungua, akatoa boksi, akaondoa kadibodi. Hakukusudia kuinua chochote. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alijiambia hivyo wiki mbili mfululizo. Lakini aliinua ile ya mbele, jua likapita ndani yake, na tarakimu ikasimama wima pale: mbili.

Alisimama nayo. Aliona Alhamisi ya wiki mbili mbele, kiti kitupu, simu isiyopokewa. Aliona dawa ya muda ikilegea na jino likioza upya mdomoni mwa mtu aliyeahidiwa. Hatarudi, alijisemea. Alijikaza siku moja kwa ajili ya neno langu, na neno langu halitakuwa kweli. Nilimbana mara moja, sasa namdanganya.

Aliinua ya nyuma. Moja.

Akairudisha ya mbele, akachukua ya nyuma, akafunga kabati. Haikuchukua muda zaidi ya kumeza mate.

Torbjörn aliichana mwenyewe. Uso wake ulishuka kidogo, kwa kuwa moyoni mwake jino lile lilikuwa la wiki mbili kabisa, lakini hakusema neno. "Moja," alisoma. "Haya, Sixten. Unamaliza leo." Na akaujaza mzizi ule kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akapiga eksirei nyingine kuhakikisha, akaujaza kwa namna asiyoiamini vilevile kama angeujaza kwa namna anayoiamini. Gunvor alimtazama mikono na kwa mara ya kwanza siku ile alitamani awe mahali pengine.

Sixten alipoinuka, nusu ya uso wake ilikuwa imelala kwa ganzi.

"Kwa hiyo ile Alhamisi nyingine," alisema, maneno yakimponyoka pembeni, "siji?"

"Huji!" Gunvor alisema kwa ushindi. "Nilikuambia. Mara moja, basi."

"Aa," alisema Sixten. Akakikunja kile kikaratasi cha miadi, akakitia mfukoni mwa koti, akaondoka.

Furaha ya Gunvor ilidumu mpaka Jumamosi. Jumapili alikuwa anapalilia maua akajikuta amesimama na jembe mkononi, hajui tangu lini. Alijaribu kujitetea. Jino limepona, mtu hana maumivu, nani ameumia? Lakini kila alipofika hapo alimwona Torbjörn akiisoma ile karatasi, uso ukimshuka, na bado akitii. Miaka minne yule mzee alikuwa ametii karatasi zake zinazosema moja, na Malin ametii zake zinazosema mbili, wote wawili wakisaga meno, kwa kuamini kwamba boksi lile halina mkono wa mtu. Sasa lilikuwa na mkono wa mtu. Hata siku moja hawangejua, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alhamisi ya wiki ya pili ikafika. Mgonjwa wa mwisho, wa mia na sitini, alikuwa amepangiwa saa tano. Torbjörn alikuwa ameagiza keki, ile ya mviringo yenye ngozi ya kijani ya lozi, na juu yake fundi ameandika 160 kwa sukari nyeupe. Ilipogonga saa nne kasorobo waliketi mapema wanywe kahawa, na Torbjörn akasimama kutoa hotuba. Alikuwa ameiandika.

"Miaka minne iliyopita," alianza, "watu wawili wasiosikilizana..."

"Niliibadilisha," alisema Gunvor.

"Kahawa?"

"Bahasha. Ya Sixten. Nilichukua ya nyuma. Ya mbele ilikuwa mbili." Akaweka ufunguo mezani, kando ya keki. "Zinaonekana ndani. Hizi nyeupe zote zinaonekana ndani. Nilijua tangu zilipokuja, na sikusema."

Malin aliinuka, akachukua ufunguo, akaenda chumba cha nyuma. Walimsikia akifungua kabati. Alirudi ameshika bahasha ya mwisho, akainyoosha dirishani.

"Jamani," alisema. "Mbili. Naiona kabisa."

Torbjörn alikuwa bado amesimama na hotuba yake. "Kwa nini, Gunvor?"

Basi akawaambia. Aliwaambia juu ya yule mzee wa shule na ganzi ambayo watoto hawakupewa, juu ya viganja vyake na machozi yaliyopita katikati ya vidole. Aliwaambia juu ya viazi na ahadi. Hakuwahi kuyasema hayo kwa sauti, na yalipotoka yalikuwa mafupi kuliko alivyoyabeba. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha keki.

Torbjörn aliketi.

"Miaka minne," alisema polepole, "nimekuwa nikiogopa kwamba Malin ataiba."

"Ala!" Malin akaruka. "Na mimi nilidhani ni wewe! Nilikuwa nikihesabu mbili zako!"

"Ulikuwa ukihesabu?"

"Kila mwezi."

"Na mimi pia," alikiri Torbjörn, na wote wawili wakatazama chini kwa aibu. Kisha akamgeukia Gunvor. "Zile kumi na nane nyingine?"

"Sikuzitazama. Niliweka kadibodi."

Alimwangalia kwa macho ya mtu anayetafuta ufa kwenye jino. "Nakuamini," alisema. "Lakini sio mimi wa kuamua. Tutamwandikia mtu wa takwimu kila kitu kama kilivyokuwa, na atakachokikata akikate. Sixten ametoka kwenye utafiti. Na hii ya mwisho nayo imetoka, maana tumeshaiona." Akachukua kisu cha keki, akafikiri, akakwangua ile 160 mpaka keki ikabaki kijani kitupu. "Mia na hamsini na nane nayo ni namba."

Ufunguo ulibaki mezani. Hakuna aliyeugusa.

Gunvor alikuwa hajajua bado kama amesamehewa au amevumiliwa, kengele ya mlangoni ilipolia. Alienda kufungua mwenyewe, apate mahali pa kuuficha uso.

Alikuwa Sixten. Amevaa koti lake la harusi na misiba, nywele amezilaza kwa maji, ila kile kishungi cha utosini kilikuwa kimesimama kama zamani. Mkononi alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Alhamisi saa nne," alisema.

"Sixten! Linauma?"

"Haliumi. Hata harufu imeisha. Nimepita nje ya jikoni kwenu nikasikia harufu ya lozi. Mna keki?"

"Basi umekuja kufanya nini? Lako lilikwisha."

Sixten alikitazama kikaratasi. Masikio yalimwiva. "Nimekuja mara ya pili," alisema.

Gunvor hakuelewa, lakini asubuhi ile alikuwa ameshazoea kusema kweli, na moja ya ziada haikumshinda. Alimwambia palepale mlangoni kwamba bahasha yake ilikuwa mbili na yeye ndiye aliyeibadilisha.

Sixten akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nilikuwa nayo. Uliniibia."

"Nilitaka kukuepusha."

"Najua ulichotaka. Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani."

"Mimi nilidhani umefurahi!"

"Uso wangu ulikuwa na ganzi, Gunvor, ungeonaje?" Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, likalia chini yake. "Sikiliza. Kuja mara moja si kitu. Mara ya kwanza mtu huingia hajui anakutana na nini, anasukumwa na uvundo wake mwenyewe. Kurudi ndiyo kazi. Niliposoma ile karatasi nikaona inaweza kuwa mbili, nikasema moyoni, sawa, basi tuone kama Sixten Nordlöv atarudi kwa miguu yake. Miaka arobaini na mitano nimekipita chumba hiki cha mateso nikiwa upande wa pili wa barabara. Nilijiandaa. Halafu nikaambiwa nenda nyumbani, mtoto mzuri, basi."

Gunvor aliketi kando yake. "Mimi ndiye niliyekushika kichwa," alisema. "Mwaka ule. Shuleni."

"Eeh."

"Unajua?"

"Mji wenyewe una watu elfu mbili, nitakosaje kujua? Ulikuwa na nywele za kusuka na ulikuwa unatetemeka kuliko mimi." Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Mle ndani palikuwa baridi, na kile chuma baridi, na yule mzee naye baridi. Mikono yako tu ndiyo ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimeshikilia hiyo. Sikuwa na kingine cha kushikilia."

Gunvor aliitazama mikono yake. Miaka arobaini na mitano alikuwa ameikumbuka mikono ileile, na hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa na joto.

Torbjörn alikuwa ametokea kwenye mlango wa chumba cha matibabu, Malin nyuma yake na kipande cha keki. Wamesikia kiasi gani, hawakusema.

"Karibu, Sixten," alisema Torbjörn. "Ingia nikuangalie. Mimi siku zote husema mtu aje mara mbili."

"Jino lililojazwa mara moja!" Malin alisema, mdomo umejaa. "Huyo ni wangu."

"Amerudi baada ya wiki mbili kamili. Huyo ni wangu."

"Hamumhesabu popote," alisema Gunvor, akijipangusa macho. "Ametoka. Mmesema wenyewe."

Sixten aliingia mwenyewe, bila kuongozwa. Alikizunguka kiti kile mara moja, kama mtu anayekagua boti kabla ya kununua, akakaa, akajilaza. Torbjörn alivuta taa. Gunvor alisimama mahali pake pa kawaida, nyuma ya kiti, mikono amekunja mgongoni.

"Iko wapi mikono yako?" Sixten aliuliza dari.

"Nilikuahidi hakuna atakayekushika."

"Ahadi zako tumeshaziona. Lete."

Aliileta. Akaiweka taratibu juu ya masikio ya Sixten, bila kubana, na kile kishungi kikachomoza katikati ya vidole vyake, sasa kimekuwa cheupe. Sixten alifumba macho, akafungua mdomo kabla hajaambiwa.